Mvi, Piko na Heshima ya Karani



Naomba nafasi katika gazeti letu la chama ili nami nitoe maneno machache juu ya jambo ambalo wengi wetu twalitenda kwa siri, nalo ni kupaka nywele rangi nyeusi ili kuficha mvi. Najua ya kuwa baadhi ya wasomaji watacheka, na kusema kwamba chama cha watumishi kina mambo makubwa zaidi ya kunena, kama mishahara, nyumba, vyeo na malipo ya uzeeni. Ni kweli. Lakini jambo hili lina mwiba ndani yake, na mwiba huo umenichoma mimi. Kwa hiyo sioni vema kunyamaza na hali wenzangu wapita njia ile ile.

Mimi ni karani mwenye umri wa miaka 36. Mvi zangu za kwanza zilitokea nilipokuwa na miaka 33, na baada ya mwaka mmoja zilikuwa zimeenea juu ya masikio yote mawili na kupanda mpaka utosini. Sikuzijali sana, hata asubuhi moja alipokuja mezani kwangu mtu mmoja kuleta hati zake. Akaniamkia, "Shikamoo, mzee." Nami, kwa kuwa nilikuwa nimeinamia kazi, nikaitikia "Marahaba" pasipo kumtazama. Nilipofungua zile hati nikasoma mwaka aliozaliwa, nikaona ya kuwa amenizidi miaka 11. Niliinua macho, nikamwona ana nywele nyeusi ti kama kaniki. Mtu ambaye yanipasa mimi nimwamkie ndiye aliyeniamkia, na marahaba yangu haikuweza kurudi kinywani. Wenzangu wa meza za jirani, ambao wajua umri wangu, walicheka mpaka wakashika mbavu, na tangu siku ile jina langu ofisini likawa "Babu".

Jioni ile nilikwenda kwa kinyozi. Alinipaka piko, na baada ya nusu saa nikajiona kwenye kioo nimerudi kijana wa miaka 25. Nilifurahi, sikatai. Lakini furaha yangu ilidumu siku chache tu. Karibu na masikio ulianza kuonekana mstari mweupe mwembamba, kama uliopigwa kwa chaki na rula. Baada ya wiki tatu mstari ule ulikuwa umefika karibu nusu ya sentimita, nyeupe chini na nyeusi juu. Na hali hii ni mbaya kuliko mvi zenyewe, maana mwenye mvi husemwa kuwa ana mvi, bali mwenye rangi mbili husemwa kuwa anaficha. Wahenga walinena kwamba njia ya mwongo ni fupi. Yangu mimi ilikuwa na urefu wa nusu ya sentimita.

Basi nikawa mtumwa wa tarehe. Kila wiki ya tatu nilirudi kwa kinyozi, kama mdaiwa aendaye kwa mkopeshaji. Mara ya tatu niliona mwasho nyuma ya masikio, nikadhani ni jasho. Mara ya tano mwasho ulikuwa mkali na ngozi ilitoa vipele. Kinyozi akasema dawa inafanya kazi, nami nikamwamini. Hata ikafika siku niliyoitwa kwenye usaili wa cheo. Usaili ulikuwa Jumatatu, nami Jumamosi nikapaka ili niende mbele ya wakubwa nikiwa safi. Jumapili usiku kichwa kiliwaka moto. Jumatatu alfajiri sikuweza kufumbua macho. Uso ulikuwa umevimba mpaka mke wangu akapiga kelele aliponiona. Saa ya usaili ilinikuta nimelazwa hospitali. Cheo kile alipewa mwingine, tena mwenye upara.

Hospitalini daktari alinieleza mambo ambayo, laiti ningaliyajua mapema, yasingalinipata haya. Baada ya kupona nilisoma zaidi, na hayo ndiyo nipendayo kuwaeleza wenzangu.

Kwanza, mvi hutoka wapi? Kila unywele huota katika tundu dogo ndani ya ngozi, na huko chini zimo chembe ndogo zinazoutia weusi. Chembe hizo zikipungua na kuchoka, unywele huota pasipo rangi. Watu wengi hurithi jambo hili kwa wazazi wao. Madaktari huhesabu mvi za Mwafrika kuwa za mapema zikitokea kabla ya miaka 30, na kwa mtu wa namna hiyo hufaa kupima damu, maana upungufu wa vitamini B12 na ugonjwa wa tezi ya shingo huweza kuwa sababu. Mvi zangu zilikuja baada ya umri huo. Hazikuwa ugonjwa wala aibu. Zilikuwa urithi wa baba yangu, ambaye namkumbuka akiwa na kichwa cheupe tangu nilipokuwa mtoto wa shule.

Pili, rangi hufanya kazi namna gani? Rangi ya kudumu huchanganywa na maji makali yaitwayo hidrojeni peroksaidi, na mara nyingi pamoja na amonia. Amonia hufungua magamba ya unywele, nazo chembe za dawa huingia ndani zikiwa ndogo na hazina rangi. Humo ndani peroksaidi huziunganisha, zikawa kubwa na nyeusi, zisiweze kutoka tena. Ni kama fundi aundaye kitanda kipana ndani ya chumba chenye mlango mwembamba. Mbao ziliingia moja moja, lakini kitanda hakitoki. Ndiyo maana rangi hii haiondoki kwa sabuni. Lakini unywele ulio nje ya ngozi ni kitu kisicho na uhai, na dawa hupaka huo tu. Lile tundu lililo ndani ya ngozi halikuambiwa neno lolote, nalo laendelea kuotesha nyeupe usiku na mchana. Nywele zetu hukua kama robo tatu ya sentimita kwa mwezi, au zaidi kidogo. Hapana piko wala dawa ya dukani iwezayo kuzuia mashina meupe yasirudi, na mtu akwambiaye kuwa anayo dawa ya namna hiyo, amekuja kuchukua fedha zako.

Tatu, ndani ya rangi hizi mna nini? Nyingi za nyeusi zina kitu kiitwacho parafenilinidiamini, ambacho madaktari hukiita PPD kwa ufupi. Kilipatikana mwaka 1863 kwa kazi ya Mjerumani August Wilhelm von Hofmann, mtaalamu wa kemia, katika siku ambazo wataalamu walikuwa wakitafuta rangi za nguo katika lami ya makaa ya mawe. Mwaka 1907 Mfaransa Eugène Schueller alitengeneza rangi ya nywele mjini Paris, na mwaka 1909 akaanzisha kampuni ambayo leo dunia yaijua kwa jina la L'Oréal. Tangu hapo rangi za namna hii zimeenea kila mahali, na piko letu la mtaani ni ndugu wa rangi hizo.

Sasa sikilizeni hatari yake. Kwa watu wengi PPD haina neno mara ya kwanza. Lakini mwili wa mtu mwingine hukiandika kitu hiki katika daftari lake, na kila kikirudi humpinga kwa nguvu zaidi, kwa mwasho, malengelenge na uvimbe wa uso. Mwili ukiisha kuandika haufuti tena. Tena si rangi ya nywele tu iandikayo. Katika pwani yetu, Mombasa, Lamu, Tanga na Unguja, maharusi na wasichana huchorwa maua kwa piko mikononi na miguuni, kwa kuwa ni jeusi kuliko hina. Msichana aliyechorwa leo arusini huenda akavimba uso miaka 15 baadaye, siku atakapopaka nywele zake rangi kwa mara ya kwanza, wala asijue deni hili alilikopa wapi. Hina ya kweli ni jani la mti, na rangi yake ni nyekundu ya kahawia. Ukiona hina iliyo nyeusi ti na ikolezayo kwa muda mfupi, jua ya kuwa imetiwa kitu.

Tena PPD ikimezwa ni sumu iuayo. Katika miaka ya 1980 madaktari wa Sudani walieleza habari za watu walioletwa hospitali baada ya kunywa unga huu uchanganywao na hina: shingo na koo huvimba mpaka pumzi ikazibwa, misuli huharibika, mkojo huwa mweusi, na figo huacha kazi. Kwa hiyo unga wa piko usiwekwe jikoni, wala mahali awezapo kufika mtoto.

Wenzetu wa nchi nyingine walijifunza kwa machozi. Mwaka 1933 huko Marekani ilitoka rangi ya kope iitwayo Lash Lure. Iliwadhuru wanawake macho, wengine wakapofuka, na mmoja akafa. Mwaka 1938 ilitungwa sheria ambayo, pamoja na mambo mengine, ilitaka rangi za nywele za lami ziuzwe na onyo juu ya boksi, kwamba mtu ajijaribu kwanza ngozini, wala asizipake kwenye kope au nyusi. Umoja wa Ulaya nao umeweka mpaka, kuwa PPD isizidi sehemu 2 katika 100 wakati rangi inapopakwa kichwani. Piko lipimwalo kwa kijiko na kinyozi wa barabarani halina boksi wala onyo, na mwenye kulipaka hajui ni sehemu ngapi. Jumba la kimataifa la uchunguzi wa saratani, katika kikao chake cha mwaka 2008, lilihukumu ya kuwa kazi ya vinyozi na wasusi, ambao hushika dawa hizi siku zote, yaelekea kuwa na hatari ya saratani. Lakini kwa mtu apakaye kichwa chake mwenyewe halikupata ushahidi wa kutosha kusema ndiyo wala siyo. Basi aliye katika hatari kubwa zaidi ni yule fundi asiyevaa glavu.

Wako watakaonijibu hivi: "Karani yampasa kuwa nadhifu. Twanyoa ndevu, twapiga pasi mashati, twang'arisha viatu; kuna kosa gani kupaka nywele?" Nasema hapana kosa. Mtu apakaye rangi kwa kuwa aipenda, kama apendavyo tai nzuri, sina neno naye. Ndugu zetu Waislamu nao wana mafundisho yao juu ya kubadili mvi kwa hina na kuepuka rangi nyeusi, na hayo masheikh wao huyaeleza vizuri kuliko mimi. Lakini na tuseme kweli: wangapi kati yetu hupaka kwa kupenda, na wangapi kwa hofu? Apakaye kwa kupenda akikosa wiki moja hulala usingizi. Mimi nilipokosa wiki moja nilikuwa nikivaa kofia ofisini na kusingizia mafua.

Nimefanya hesabu, kwa kuwa hesabu ndiyo kazi yangu. Wiki 52 za mwaka ukizigawa kwa tatu ni kama mara 17. Tangu umri wangu huu hata miaka 60 ni miaka 24. Zidisha 17 kwa 24, jumla ni mara 408. Mara 408 za kukaa kwenye kiti cha kinyozi, za kulipa fedha na za kuweka sumu juu ya ngozi ya kichwa, ili kuficha jambo ambalo ofisi nzima yalijua tangu siku ya kwanza.

Sasa naja kwenye neno lililonifanya nishike kalamu. Hofu hii hatukuzaliwa nayo. Tumetiwa na sisi wenyewe twatiana. Mwenye mvi akichelewa kidogo kumaliza kazi, husemwa kuwa amechoka. Kijana akichelewa, husemwa kuwa kazi ni nyingi. Mashine mpya ikiletwa ofisini, wa kwanza kupelekwa mafunzoni ni mwenye nywele nyeusi, hata kama ana mwaka mmoja kazini. Kwa wanawake makarani mambo ni magumu zaidi, maana mwanamume mwenye mvi huweza kuitwa mtu mzima wa busara, bali mwanamke mwenye mvi huambiwa ya kuwa amejiachia. Tukimfanyia mtu hivi kila siku, twashangaaje akienda kujipaka kitu asichokijua?

Na hofu hii haina msingi katika kanuni za kazi zetu. Hapa Tanzania mtumishi wa Serikali huweza kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, na kwa lazima akiwa na miaka 60. Na miaka hiyo haisomwi kichwani pa mtu, husomwa katika jalada lake. Jalada halipakwi piko. Ukiwa na kichwa cheusi kama makaa, siku yako ikifika utapewa barua yako. Na ukiwa mweupe pe kama pamba kwa miaka 40, una miaka 20 ya kazi mbele yako. Ikiwa sheria yenyewe haitazami nywele, kwa nini wakuu wa meza, na wasaili, na sisi wenyewe tuzitazame?

Kwa hiyo naomba chama chetu mambo mawili. La kwanza, majina ya mzaha juu ya mvi, kama hili la "Babu" nililopewa mimi, tuyaache maofisini. Yaonekana ni jambo dogo, lakini ndilo lililonipeleka kwa kinyozi. La pili, wajumbe wetu wakutanapo na wakubwa, waombe kwamba nafasi za mafunzo na vyeo zitolewe kwa kutazama kazi na miaka ya utumishi iliyoandikwa, wala si kwa sura ya mtu. Hayo yakifanyika, atakaye kupaka atapaka kwa kupenda kwake, na asiyetaka hatasukumwa.

Nao watakaoendelea kupaka, nawaachia mashauri haya niliyopewa hospitali na kwa mafundi wenye ujuzi. Nunua rangi iliyo katika boksi lenye maelezo, uyasome. Siku mbili kabla ya kupaka, tia tone nyuma ya sikio au ndani ya kiwiko, usubiri saa 48. Pakiwasha, usipake kamwe. Fanya hivyo kila mara, hata kama ni rangi ile ile uliyoizoea. Usipake juu ya jeraha, wala kwenye nyusi na kope. Mashina yakirudi, paka yale mashina tu. Sehemu ya juu yashika rangi yake tayari, na kuirudia huikausha na kuikata. Rangi ya kahawia iliyokolea huonyesha mpaka mdogo kuliko nyeusi ti, na rangi zile zinazopauka polepole haziachi mstari mkali. Mwenye kulainisha nywele kwa dawa asipake rangi siku hiyo hiyo. Apitishe wiki mbili. Kukiwasha kichwani, osha mara moja kwa maji mengi. Uso ukivimba au pumzi ikiwa nzito, nenda hospitali usiku ule ule, usingoje asubuhi. Na ukiisha kuvimba mara moja, jua kwamba mlango wa piko umefungwa kwako maisha yako yote.

Atakaye kuacha, dawa yake ni nyepesi kwa mwanamume: anyoe nywele ziwe fupi kabisa, na kabla ya miezi miwili rangi yote itakuwa imekwisha chini ya mkasi. Mwanamke asiyetaka kukata nywele huweza kuzisuka na kupunguza ncha kidogo kidogo, naye atamaliza kwa mwaka mmoja au miwili.

Mimi nimeacha. Kichwa changu sasa ni nusu kwa nusu, na makovu madogo nyuma ya masikio hayajafutika. Mwezi uliopita yule mtu wa hati alirudi ofisini kwa shauri jingine. Safari hii nilimwona angali mlangoni, nikasimama, nikamtangulia, "Shikamoo, kaka." Alishtuka, akageuka kutazama nyuma yake kama pana mtu mwingine, kisha akaelewa, akacheka, akaitikia, "Marahaba." Alipoinama kutia sahihi niliona karibu na sikio lake ule mstari mweupe niujuao sana. Na chini ya mstari ngozi ilikuwa nyekundu, naye alikuwa akijikuna.

Sikuona haya tena. Nilimvutia kiti, nikamwambia yote niliyoyaandika hapa.

Ni mimi mwenzenu katika utumishi,
Karani Mwenye Mvi